Ndege Mbili kutoka Buenos Aires

Siku Gwak Man-sik alipomwona Pyo Sun-deok kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amesimama mbele ya sufuria ya uji wa maboga, mwiko mkononi, akimfokea mteja aliyedai uji umepoa. Man-sik ndiyo kwanza alikuwa anapanga mawe yake ya kunolea visu kwenye kibanda cha pili yake, katika soko la Incheon. Alimwamkia kwa kuinama tu.

"We mnoa visu," mama akasema, "ulimi nao umeunoa mpaka umekwisha?"

Wakawa majirani. Mume wa mama alikwishakufa. Mwanawe wa pekee, Tae-gyun, alikuwa Buenos Aires akishona nguo. Kila ndege ilipopita juu ya soko mama aliinua macho, kisha akarudi kukoroga.

Ini lilipoanza kumsumbua, alimtuma Man-sik kwa wakala wa tiketi. Man-sik akarudi na jibu: kilomita zaidi ya elfu kumi na tisa, karibu nusu ya kuizunguka dunia. Ndege mbili, na kungoja katikati. Siku nzima na saa kadhaa njiani, ukibahatika kupata tiketi mara moja.

"Na kwetu mtu huzikwa siku ya tatu," mama akasema. "Siku ya kufa nayo inahesabiwa. Basi bora nife alfajiri. Nikifa usiku, siku nzima imeliwa bure, na mwanangu hanikuti."

"Dada, acha hayo."

"Niache, halafu nani asimame msibani mbele ya picha yangu apokee wageni? Wewe? Hata kulia utaona haya."

Alikufa usiku, nusu saa kabla ya tarehe kugeuka. Nusu saa hiyo ikawa siku ya kwanza.

Asubuhi, kwenye ukumbi wa msiba pale hospitali, Man-sik alimfuata Jang-hwan, mpwa wa marehemu, aliyeshika mambo yote.

"Tuhesabu kuanzia leo," alisema. "Tae-gyun anakuja."

"Mjomba, amekufa jana. Siku ya nne nani anazika? Na ukumbi una wenyewe wanaosubiri."

Man-sik akarudi kukaa. Akawekewa supu ya nyama, akaila. Hakujua aliimaliza saa ngapi.

Siku ya tatu asubuhi jeneza likatolewa kwenda kuzikwa. Jioni Tae-gyun akaingia akiburura sanduku, akakuta picha ya mtu mwingine ukumbini. Man-sik alikuwa akimngoja mlangoni. Wakakaa kwenye benchi, sanduku katikati yao.

"Mwisho alisema nini, mjomba?"

Man-sik akamweleza. Siku ile, kulipokuwa kunaingia giza, mama alifumbua macho akauliza kama bado ni leo. Man-sik akamjibu kwamba bado.

"Basi leo siendi," alisema. "Nitakwenda kesho, mapema."