Roboti Aliyeshindwa Kuacha Adabu

Jua la Agosti halijapanda sawasawa juu ya milima ya Chichibu, Japani, lakini Kurogama tayari anatokwa jasho. Linachuruzika kutoka kwenye kiwiko cha chuma na kudondoka barabarani. Mtu wa mavazi anamsogezea chai baridi ya shayiri, anapitisha mrija kwenye tundu la kidevu, na roboti anayeogopwa na watoto wa nchi nzima anafyonza kikombe kizima kwa pumzi moja.

"Ongeza," inatoka sauti ya mama mtu mzima. "Na leo mtu yeyote asinisalimie. Tafadhalini."

Ndani ya kilo ishirini na tatu za mpira, plastiki na rangi ya risasi yumo Bi Shizue Kuwabara, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, mke wa kinyozi wa mji wa Hanno. Kazi yake ni kuvaa majitu ya televisheni. Amekuwa kaa mkubwa, amekuwa kinamasi chenye meno, na mwaka mmoja alikuwa nusu ya nyuma ya joka.

"Nusu ya mbele ilipata barua za mashabiki," anasema akicheka. "Mimi nilipata maumivu ya kiuno."

Malipo yake kwa siku ni yeni elfu kumi na nane na chakula cha mchana. Uso wake hauonekani, na mbele ya watoto kichwa hakivuliwi hata dunia ipasuke. Hayo yote hayamsumbui. Kinachomsumbua leo ni mgongo wake, ambao umezoea kuinama.

Kurogama, aliyepewa jina hilo kwa sababu kichwa chake kinafanana na chungu cheusi cha kupikia wali, ni mashine ya vita. Muswada unasema hajui huruma, shukrani wala aibu. Lakini katika siku za mwanzo za kurekodi, Bi Shizue aligonga taa kwa bega, akageuka, akaiinamia kwa heshima zote.

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mwongozaji Takuma Hatakeda, kijana mwenye miwani na haraka nyingi, hakucheka.

"Mama, ile ni taa."

"Samahani sana, Bosi," alijibu, akainama tena.

Ilitokea kwa mlango, ikatokea kwa gari lililompisha, ikatokea hata kwa adui aliyekuwa ametoka kumrusha ukutani. Hapo Hatakeda akakata shauri. Kipande cha leo, cha hapa kijijini, kingekuwa mtihani: Kurogama akiinama tena, vazi litahamia kwa kijana mmoja wa sarakasi ambaye vipimo vyake vilikwisha kuchukuliwa.

Nyumbani Hanno, mumewe, Mzee Morihiko, alilichukua suala hilo kwa bidii isiyo ya kawaida. Alimfunga mpini wa fagio mgongoni kwa mshipi wa kimono cha zamani. Kisha akawa anamvizia kutoka jikoni na kupaza sauti, "Pole na kazi!"

Bi Shizue aliinama. Fagio likagonga rafu ya vyombo. Vikombe viwili vya arusi vikafa kishujaa.

"Huyu mwanamke akipigiwa simu na muuza gesi anainama," anasema Mzee Morihiko. "Namwambia, we mama, gesi haikuoni! Ananijibu, 'Najua,' halafu anainama tena kuagana."

Ukweli ni kwamba nchi hii yote iko hivyo, na mwandishi wa makala haya, baada ya miaka yote aliyokaa hapa, ameshawahi kujikuta akiiinamia mashine ya kuuzia tikiti. Mwenye kucheka na acheke.

Basi leo ndiyo leo. Kipande chenyewe ni chepesi. Kurogama amezuia jiwe lililokuwa likiporomoka kuelekea nyumba ya bibi mmoja. Bibi anatoka, anainama mara moja kushukuru. Kurogama anageuka na kuondoka bila kujali. Bibi huyo anaigizwa na mkazi wa kijiji hiki hiki, Bi Tomeko Iwase, umri wake miaka themanini na miwili, ambaye maisha yake yote hajawahi kuigiza chochote isipokuwa, kwa maneno yake, kumpenda mama mkwe.

"Haya, twende!" anaita Hatakeda.

Bi Tomeko anainama. Kurogama anasimama wima kama nguzo ya umeme, anageuka, anaondoka. Bi Shizue amefaulu! Mzee Morihiko, aliyefunga duka lake la kunyoa makusudi aje kutazama, anakunja ngumi kwa furaha.

Lakini bibi hajamaliza. Anainama tena, chini zaidi. Halafu mara ya tatu, nusura apige magoti.

"Kata! Bibi, tulisema mara moja tu."

"Hajanijibu."

"Bibi, huyo ni roboti."

"Najua ni roboti, mwanangu. Mimi si roboti."

Wanarudia. Safari hii bibi anainama mara moja na kungoja, mikono kifuani, akiutazama mgongo wa chuma unavyokwenda zake. Ghafla kipaza sauti chenye manyoya kinashuka katikati ya picha. Mtu wa sauti, ambaye kazi yake ni kukishikilia juu kwa fimbo ndefu, ameinama.

"We! Unafanya nini?"

"Samahani, Bosi. Sijui. Nilimwonea haya bibi."

Mara ya tatu hakuna kipaza sauti, hakuna kosa. Kurogama anakwenda zake, bibi amebaki na shukrani yake mikononi. Kisha unasikika mlio mdogo, ko! Ni paji la uso la Hatakeda, limegonga skrini yake mwenyewe. Mwongozaji ameinama.

Kicheko kilichofuata kilimfikia hata mbwa wa jirani, naye akabweka. Hatakeda anavua miwani, anafuta machozi ya kucheka, anakaa juu ya sanduku.

"Nilitaka watoto waone mashine isiyo na kitu ndani," anamwambia Bi Tomeko. "Kumbe mashine ikinyamaza, sisi ndio tunaoonekana."

Anaubadilisha muswada papo hapo. Kurogama ataondoka, atasimama, atarudi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake atajaribu kuinama. Hapo sasa ndipo Bi Shizue anapopata kazi, maana ameamriwa ainame vibaya.

"Mama, umeinama kama mhudumu wa hoteli ya kifahari. Huyu hajui!"

"Bosi, mara niache, mara nifanye, mara nifanye vibaya! Chagua moja!"

Anajaribu tena. Anaanza na magoti, kisha shingo, na uzito wa kichwa unamvuta. Roboti wa vita anaanguka mzima mzima kuelekea kwa bibi. Bi Tomeko, bila kushtuka, anamdaka kwa viwiko.

"Polepole, mwanangu," anasema. "Hakuna anayejua siku ya kwanza."

Kamera ilikuwa ikirekodi. Hatakeda hakusema kata, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

"Nililia humo ndani," Bi Shizue anaeleza baadaye, akila tonge la wali lenye plamu chachu. "Bahati nzuri, mle ndani jasho na machozi havijulikani. Kitu nilichokuwa nafukuziwa kazi ndicho hicho nimeombwa." Kijana wa sarakasi amepigiwa simu na kuambiwa atatafutiwa joka.

Siku chache baadaye, sebuleni Hanno, Bi Shizue anavaa kichwa cha mazoezi cha karatasi ngumu. Hatakeda ameahidi kwamba katika sehemu ya mwisho Kurogama atainama sawasawa, mara moja tu, na Bi Shizue anataka siku hiyo mtoto yeyote anayetazama aone kwamba roboti huyu alijifunza kutoka kwa watu. Baada ya hapo anatumaini kulivaa vazi hilo hadi afikishe sitini, kiuno kikikubali.

Simu inalia. Ni muuza gesi. Bi Shizue anainua kichwa cha karatasi hadi kwenye paji la uso, anasikiliza, anashukuru.

Mzee Morihiko anajua kinachofuata. Ananyoosha mkono mezani na kusogeza kikombe mbali na kichwa chake.