Nati Moja ya Yule Mama

Nichekeni tu, nimestahili. Juzi kibasi changu kilishajaa abiria wa Lituhi, nikawa naongeza mafuta pale Mbinga, mara likaingia gari jekundu la mashindano, limelala chini kama kobe, mama mmoja kwenye usukani. Kutazama tairi, naona limeshikwa na nati moja tu, katikati! Nikajua papo hapo: wezi wamemfungulia nati mama wa watu.

Nikajitupa chali mbele ya gari. "Shikamoo mama, hutoki hapa! Mimi dereva, siwezi kutazama mtu anakwenda kufa!" Abiria wangu wakanipigia makofi. Nikawahutubia kuhusu usalama barabarani, nikiwa hapo hapo chini.

Mama akashuka anacheka. "Marahaba, mwanangu. Magurudumu haya yameundwa kwa nati moja." Akabonyeza kipini katikati ya nati, kikachomoza tena chenyewe. "Kikichomoza hivi, nati haiwezi kufunguka. Nakikagua kila safari." Kisha akageukia kibasi changu. "Na tairi lako lina nati ngapi?"

Nikaruka kuliziba tairi kwa miguu, lakini abiria wangu mmoja, bibi wa Matiri, alishachungulia dirishani.

"Mbili," akatangaza, "na waya." Akamtazama mama. "Mwanangu, gari lako linabeba wangapi?"