Nyangumi Wasiolia

Wiki jana nilikuwa katika duka moja la vifaa vya umeme hapa Nakuru, nikingoja redio yangu itengenezwe. Kando yangu alisimama mama mmoja anayeishi kwenye mahema tangu tulipoanza kuchomeana nyumba baada ya uchaguzi, mwezi wa Januari. Alikuwa ameleta simu ichajiwe, na macho yake yalikuwa kwenye televisheni ya ukutani.

"Boss, hao watu wanatafuta nini baharini?" alimuuliza mwenye duka, mzee wa Kihindi.

"Wanahesabu nyangumi, mama. Wameshusha maikrofoni chini ya maji. Nyangumi akilia wanamsikia, halafu wanakadiria wako wangapi."

"Na wale ambao hawalii?"

"Hao pia wanawaweka kwa hesabu. Wanajua si wote wanalia."

Mama akafunika mdomo kwa kiganja.

"Bwanangu sijasikia sauti yake tangu tukimbie," alisema. "Nilienda ofisi ya serikali aandikwe kati ya waliopotea. Karani akaniambia, 'Mama, kama hakuna mwili, hapa hatuna mtu wa kuandika.'"

Mzee akachukua rimoti, akazima televisheni.

"Usizime," mama akamwambia. "Wacha nione kama watawapata."

Ikawashwa tena. Tukatazama sote watatu mpaka kipindi kikaisha, na mimi, raia mwenye kitambulisho na kura, nikajikuta nawaonea wivu nyangumi.