Gauni Lililojaribiwa Muthurwa

Kwa miaka sita Benta Ondiek alicheza akiwa ndani ya gauni la watu. Lilikuwa gauni la kijani la klabu ya dansi ya ukumbini, ile ya wawili wawili yenye walsi na tango, na kila mwanamke aliyeshindana alilivaa zamu yake ilipofika, akalibana kwa pini pale lilipompwaya. Waamuzi walilijua kuliko walivyowajua wachezaji. Mwaka jana, Benta aliposhika nafasi ya pili, mtangazaji alimwita "yule mama wa gauni la kijani." Ukumbi ulicheka. Benta, karani wa stoo katika karakana ya reli, alipokea kikombe chake kwa adabu, akarudi nyumbani mtaa wa Lucky Summer akiwa ameapa kwamba hashindani tena mpaka awe na gauni lake mwenyewe.

Kuapa ni rahisi. Fundi wa mtaa wa Fedha anayeshona magauni ya dansi alitaka elfu ishirini na nane, na shanga mteja ajiletee. Magauni yaliyotumika yanayotoka ng'ambo yalimshinda hata kuyaulizia. Zamu yake ya kupokea mchango wa chama ilipofika, baada ya karo Benta alibaki na elfu sita, na mashindano yalikuwa Jumamosi.

Mutie, mchonga vinyago ambaye ndiye mwenzake wa kucheza, alimshauri waende soko la Muthurwa. Kwenye mitumba, alisema, hayakosekani magauni ya wasimamizi wa harusi: marefu, mepesi, yaliyovaliwa siku moja yakachosha wenyewe. Benta alikubali, mradi Mutie asitoe maoni kuhusu rangi.

Walilipata kwa Nuradin, mwuzaji mwenye ulimi usiolala. Rangi yake damu ya mzee, upindo wake mpana kama mwavuli. Bei, elfu nane.

Muthurwa mtu hujaribu nguo juu ya nguo, akajitazama kwenye kioo kilichoegemezwa nguzoni, akalipa. Benta alijitazama kama wengine. Kisha akalivua, akaligeuza ndani nje, akavuta mishono ya kwapa na ya nyonga kwa vidole viwili, maana huko ndiko gauni la dansi hufia. Akalivaa tena, akainua mikono yote, akaomba kulicheza.

"Kulicheza vipi?"

"Vile nitalicheza Jumamosi. Gauni la dansi halinunuliwi limesimama."

Nuradin aliwaita majirani waje wamwone mama anayetaka kufungua disko kwenye njia ya wateja. Walipokusanyika alitoa sharti lake: likipasuka, limenunuliwa, tena kwa elfu nane kamili. Mutie alimvuta Benta kando na kumkumbusha kilichokuwa mkobani. Benta alikijua. Akarudi na sharti lake pia: lisipopasuka, elfu tano.

"Mathe, wewe ni mchezaji ama ni wakili?"

"Kubali kwanza, ndio ujue."

Nuradin akakubali, kwa kuwa watu walikuwa wakitazama.

Muziki haukuwepo. Mutie alihesabu kwa sauti ya chini, moja mbili tatu, wakaondoka kati ya rundo la viatu na magunia ya vitunguu. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa tahadhari. Wa pili, Benta alisahau sharti, akanyoosha mgongo kama afanyavyo mbele ya waamuzi, na upindo ukafunguka ukapita juu ya viatu vya watu bila kugusa hata kimoja. Wauza vitunguu wakaanza kupiga makofi kufuata hesabu. Katika mzunguko wa mwisho, ulio mpana kuliko yote, kitu kikalia: prrr.

Makofi yakakatika. Benta alisimama, mkono ukienda kwapani. Mshono ulikuwa mzima. Akashika nyonga. Mzima. Ndipo Mutie alipojifunika nyuma kwa kofia yake.

"Suruali pia nauza," alisema Nuradin, akapokea elfu tano.

Jumamosi walimaliza wa tatu. Waliowashinda walistahili, na Benta aliyasema hayo mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni mwa ukumbi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika ili kila anayetoka alione gauni. Mbinya, msichana mgeni klabuni, alikuja kugusa upindo, akauliza kama angeweza kuazimwa gauni hilo mwezi ujao.

Benta alimjibu kwa upole kwamba haliazimwi. Uso wa msichana uliposhuka, alimweleza njia ya kwenda kwa Nuradin, mishono ya kuvuta, na kwamba asitoe hata shilingi kabla ya kuzungushwa ndani ya nguo.

"Na mimi sina mtu wa kunizungusha huko sokoni," alisema Mbinya.

"Nitakuzungusha mimi."