Maji ya Juu ya Mwalo

Jumanne ya mwisho ya Septemba, mwaka juzi, nilimpoteza mke wangu. Alitapika siku nne, macho yakawa ya njano. Hospitali walisema ini. Hawakusema maji. Mimi ndiye nasema maji.

Kiangazi kile mto wetu, upande wa Bugarama, ulikuwa umesimama, yamebaki madimbwi. Sisi tuliogopa zebaki tu, kwa sababu ya mwalo, pale wachimbaji wanapooshea mchanga wa dhahabu. Kabla sijaenda Ushetu kwenye vitalu vya tumbaku, nilimwambia mke wangu achote juu ya mwalo. Dimbwi la kule lilikuwa na utando wa kijani, kama rangi iliyomwagika. Aliuengua kwa kata, akayachemsha maji. Tulijiona waangalifu.

Siku ya mazishi, tuliporudi kutoka makaburini, ndama wawili wa jirani walikutwa wamekufa kando ya dimbwi lile. Bwana mifugo alikuwepo msibani. Alikwenda kuwaangalia, akarudi akaniinamia sikioni.

"Ule utando una sumu. Kuchemsha hakuiondoi. Zibeni pale kwa miiba, mchimbe kisima mchangani, mbali kidogo na maji."

Nikauliza nani amekwenda kuchota maji ya kupikia watu. Nikaambiwa shemeji, mdogo wa marehemu, na wenzake.

Mfiwa haondoki kwenye mkeka. Mimi niliondoka, nikakimbia bila viatu. Nyuma yangu mtu alisema, "Jamani mkamateni, amechanganyikiwa." Niliwakuta wanapandisha, ndoo kichwani. Nikaipiga ndoo ya shemeji, ikaanguka.

"He, shemeji! Leo utatupikia wewe?"

"Mmekunywa?"

Wenzake wakacheka.

"Nauliza, mmekunywa?"

Shemeji hakucheka. Alisema yeye tu, mafunda mawili, jua lilikuwa kali.

Vijana walikuja na majembe yaleyale ya kaburini, wakachimba mchangani mpaka maji yakatoka. Miiba ya kuziba dimbwi niliikata mwenyewe. Nikajichoma sana.

Kila asubuhi baada ya hapo nilikwenda kwa shemeji kumtazama macho. Sikumweleza kwa nini. Siku ya nane aliniona nikiwa bado uani. Kabla sijamsalimu, alishusha kope kwa kidole ili nione.

Yalikuwa meupe.