Mpagazi Asiyekuwemo Kitabuni

Niliondoka Isevya, mtaa wa Tabora, asubuhi ya baridi, vumbi likiwa bado limelala barabarani, na sikujua ninakwenda wapi. Nilikuwa na mfuko wa mgongoni, blanketi, kandambili za akiba na vitabu vinne. Jirani yangu, mama muuza vitumbua, aliniona nafunga mlango kwa kufuli.

"Safari ya wapi tena wewe?"

"Nikifika nitajua."

"Haya. Wenzako wanahama na magodoro, wewe unahama na makaratasi." Akanifungia vitumbua viwili kwenye ukurasa uliochanwa kutoka kitabu cha hesabu.

Niliusoma ukurasa ule kabla sijala, maana siwezi kuacha kitu kilichoandikwa kipite bila kukisoma. Ulikuwa na swali la matangi mawili ya maji, moja linajazwa na jingine linavuja. Jibu halikuwepo. Majibu huwa nyuma ya kitabu, na kurasa za nyuma zilikuwa zimeshafungia vitumbua vya mtu mwingine.

Mimi nimesoma hivyo hivyo, kwa vipande. Niliacha shule darasa la tano, baba alipohamia kwenye mashamba ya tumbaku akatuchukua sote, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka mitatu mfululizo. Nimepakia mbao, nimelinda ghala, nimefyatua matofali, nimerina asali kwenye mizinga ya watu huko Sikonge. Kila nilikofika niliulizia vitabu, na kila nilikofika watu waliniona nina kasoro fulani ambayo hawakuijua jina.

Asubuhi ile, kilichonichukua muda ni kuchagua vya kubeba. Cha kwanza kuingia mfukoni kilikuwa kijitabu cha ufugaji wa nyuki, chenye madoa ya moshi. Sijasoma kitabu kilichoandikwa vizuri zaidi ya hicho. Mwandishi wake hajidai. Katikati ya maelezo ya namna ya kutega mzinga anakiri kwamba hata yeye mikono humtetemeka kabla ya kuufungua, kisha anaendelea na vipimo vya mbao kama vile hakusema kitu.

Cha pili ni riwaya nene ya mapenzi, jalada lilishatoka. Ni mbaya. Wapenzi wanazungumza kana kwamba wanahutubia mkutano, na katika kurasa zaidi ya mia tatu hakuna anayemuuliza mwenzake kama amekula. Lakini kuna mahali mama wa yule binti anakunja kanga za marehemu dada yake, moja moja, na mwandishi hasemi lolote kuhusu huzuni. Nimebeba kilo nzima ya upuuzi miaka minne kwa ajili ya kanga zile.

Riwaya ya upelelezi niliiacha juu ya ndoo. Mpelelezi wake hakosei hata mara moja, na mtu asiyekosea sikuwa na la kuzungumza naye, hasa wiki ile. Kitabu cha historia cha sekondari nacho nilikiacha. Tabora imepewa aya mbili humo, na aya zenyewe zina haraka ya kufika Ujiji.

Cha tatu ni diwani ya mashairi, ambayo siielewi nusu yake. Aliyenipa alikuwa akiniambia kwamba shairi ni kama suti mpya, halikukai siku ya kwanza, lazima ulivae mpaka lizoee mabega yako. Huyo alikuwa fundi cherehani wa Kanyenye, mzee wa mjini, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kwa presha ya macho. Cherehani bado ilikuwa kibarazani kwake. Asiyeijua hali yake angedhani anasubiri kitambaa.

Nilikuwa nikimsomea kila siku baada ya sala ya alasiri, kwa karibu miaka miwili. Nikimwamkia, "Shikamoo fundi," aliitikia, "Marahaba, msomi wa darasa la tano. Leo tunakwenda wapi?" Hapakuwa na mtu mwingine Tabora aliyenisubiri.

Tulikwenda kote. Kile cha nyuki alikipenda. Ile ya mapenzi aliisimamisha ukurasa wa arobaini, akasema kijana yule angepelekwa kwanza akajifunze kazi. Lakini kitabu alichokitaka zaidi ni cha nne, na ndicho kilichotuharibia.

Ni kitabu cha Mzungu mmoja aliyepita njia ya misafara zamani, toka pwani mpaka Tabora na kuendelea magharibi. Sijui alikitafsiri nani. Mzungu yule ana jicho kali. Anahesabu majora ya nguo, anahesabu shanga kwa rangi zake, anahesabu pembe za ndovu kwa uzito, na punda wake mmoja amempa jina na kurasa mbili za maombolezo alipokufa. Wapagazi wake mamia kwa mamia hakuna hata mmoja aliyemtaja. Wanaitwa mizigo ishirini, mizigo hamsini. Kwa maoni yangu ni kitabu kizuri kilichoandikwa na mtu asiyeona aliokuwa akitembea nao.

Fundi hakuwa na haja ya maoni yangu. Alikuwa anamtafuta mtu. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi, Mnyamwezi aliyebeba pembe mpaka pwani mara kadhaa, na safari ya mwisho hakurudi. Kaburi halijulikani. Kilichobaki katika ukoo ni kwamba alikuwa mrefu na kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda.

"Huyo Mzungu aliandika kila kitu," fundi aliniambia. "Atakuwa amemwandika. Soma taratibu."

Tulikisoma chote. Hakuwemo. Akasema huenda nilikuwa nimeruka mahali. Tukakirudia. Mara ya tatu tulipofika kwenye orodha ya mizigo iliyotoka Tabora, ukurasa wa mia moja na kumi, nilimwona amesogeza kichwa mbele, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza mlango. Basi nikasoma, kwa sauti ile ile: "Miongoni mwao alikuwepo Mnyamwezi mmoja mrefu, kidole chake kidogo cha kushoto kimepinda, ambaye hakutua mzigo kabla ya wenzake."

Fundi alisogea karibu nami. Kisha akasema, "Rudia."

Nilirudia. Siku ya pili akataka tena, na siku ya tatu mbele ya wageni kutoka mtaa wa Gongoni. Niliogopa nisije nikabadilisha neno, kwa hiyo nikayaandika maneno yale pembeni mwa ukurasa kwa penseli. Huo ndio ujinga wangu. Nilidhani ninamtunzia.

Habari ilizunguka. Watu walikuja kibarazani kusikia sentensi moja. Fundi akaanza kuvaa kanzu yake nzuri siku za kawaida. Katika arusi moja alisimama akaeleza jinsi babu yake alivyokataa kutua mzigo, na wazee wakaitikia. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nimeinamia sahani ya pilau.

Kisha mjukuu wake wa kike, anayesoma sekondari ya bweni, alikuja likizo. Alitaka kumsomea babu yake mwenyewe. Nilifika alasiri nikamkuta amekishika kitabu, anaangalia ukurasa, ananiangalia mimi.

"Babu, hii haijachapwa," alisema. "Ni penseli."

Fundi alinyoosha mkono. Mjukuu akakiongoza kidole chake mpaka pembeni mwa ukurasa, na mzee akapapasa pale, akaenda na kurudi, jinsi alivyokuwa akipapasa upindo wa suruali kutafuta mshono mbovu.

"Kumbe hana hata wino," alisema.

Niliomba radhi. Nilisema nilimwonea huruma. Hapo ndipo alipokasirika, ingawa hakupaza sauti.

"Nilikuwa na mtu aliyepotea," alisema. "Nilikwishamzoea hivyo. Wewe umeniletea, nimekaa naye miezi, halafu unamchukua. Sasa amepotea mara mbili. Chukua kitabu chako."

Nilirudi kesho yake, na keshokutwa, na siku iliyofuata. "Shikamoo fundi." "Marahaba." Hakuniuliza leo tunakwenda wapi. Vijana wa kijiwe cha bodaboda walikwishampa fundi jina la mjukuu wa penseli, na najua alisikia, kwa kuwa kanzu ile nzuri hakuivaa tena. Siku ya nne ndiyo hiyo niliyofunga mlango.

Nje ya mji nilipata lori lililokuwa linakwenda Ulyankulu kuchukua tumbaku. Dereva aliniuliza nina nini mfukoni, kizito hivyo. Nikamwambia vitabu.

"Vya dini?"

"Vya nyuki, vya mapenzi, vya safari."

"Basi huna msimamo," alisema, akaongeza sauti ya redio.

Njia ile ina misitu ya miyombo pande zote, na msimu ule sehemu kubwa ilikuwa imechomwa, mashina meusi na majivu mpaka macho yanapoishia. Wapagazi walipita nchi hii kuelekea magharibi, na hakuna kilichobaki chao cha kushika. Niliangalia kila mtu tuliyempita akiwa na mzigo kichwani. Sikumwona aliyepinda kidole, na niliona aibu kwamba nilikuwa natazama.

Tulifika mchana. Dereva alinionyesha nyumba ya matofali yenye rozari ya mbao juu ya mlango, akasema mama mwenye nyumba hupangisha chumba cha nyuma. Alikuwa mtu mzima, anapepeta maharage, akiwasemesha wajukuu kwa Kirundi na mimi kwa Kiswahili. Alizaliwa hapo hapo, alisema. Wazazi wake ndio waliokimbia Burundi kwa miguu.

Nilipotua mfuko alivitazama vitabu, akachukua kile cha safari akakipima kwa mkono.

"Hiki kinaeleza njia ya huku?"

"Kinaeleza, mama."

"Sisi tumo?"

Niliusikia ulimi wangu ukijiandaa. Ingekuwa rahisi. Mistari miwili tu, mwanamke na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na angewaona wazazi wake humo kwa miaka yote iliyobaki.

"Hamumo," nilisema. "Aliyekiandika alipita zamani sana. Na hata aliotembea nao hakuwaandika."

Aliendelea kufunua kurasa. Alifika ule wa mia moja na kumi, kwa sababu kitabu chenyewe kimezoea kufunguka pale, akaweka kidole pembeni.

"Na haya?"

"Hayo niliyaandika mimi. Si kweli."

Alinitazama, akakifunga kitabu na kunirudishia. Alikung'uta makapi kwenye kanga yake, akasimama kunionyesha chumba. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo na msumari wa kutundikia nguo.

"Kunguni wapo," alisema mlangoni. "Sikufichi."

Nikamwambia nitakaa.