Sahani ya Maikrowevu Kwenye Leso

Katika duka la vipuri hapa Xiaobei, mama mmoja wa Mombasa alitandaza leso juu ya kaunta. Ilichorwa duara kwa kalamu, na ndani yake alama tatu.

"Bosi, sahani ya maikrowevu ya mamangu imepasuka, nimeichora hapa. Haoni vizuri, jiko la makaa litamchoma. Nasafiri leo!"

"Meiyou," muuzaji alijibu kwa Kichina, yaani hakuna. Hata kichwa hakuinua.

"Hujatazama, baba! Tazama kwanza."

Muuzaji akacheka, akaleta sahani nne za kioo. Ya tatu ikaenea duara sawasawa, na vinundu vyake vikakaa juu ya alama. Mama akashusha pumzi, nami pia.

Mimi nilikuwa nimekuja na picha tu ya kipuri changu kwenye simu, isiyoonyesha ukubwa wake halisi. Nikarudi nyumbani kuchukua leso, nikichore nami.